Karisi ya Mwindo: Kazi ya Nani?

Hapa kwetu Masisi na Walikale, ukisema "mtunzi", wengi wanafikiri mtu mmoja na kalamu yake. Wazee wa Banyanga hawakuona hivyo. Karisi, yaani utenzi mrefu wa Mwindo, ilikuwa kazi ya watu wengi: mwenye kuimba, vijana wenye kupiga vijiti juu ya mti mkavu, na wasikilizaji wenye kuitikia.

Mwaka wa 1956 Daniel Biebuyck, mtaalamu wa mila kutoka Ubelgiji, alimkuta Rureke, aliyeitwa She-Karisi, ndiyo kusema bingwa wa karisi. Kazi ilichukua siku 12. Rureke alisimulia, akaimba, akacheza, akaigiza, huku wengine wakiandika mbio mbio. Mbele ya hapo hakuwa amewahi kuitoa habari yote kwa siku zinazofuatana. Desturi ilikuwa kutoa kipande kipande. Hata katikati ya wimbo anamgeukia karani na kumhimiza asonge mbele. Hapo ndipo ugomvi mdogo unaonekana: wimbo una mwendo wake, kalamu nayo ina wake.

Kitabu kilitoka Marekani mwaka wa 1969, kikitayarishwa na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mtoto wa Kinyanga na mtaalamu wa lugha. Kinyanga chenyewe kimo ndani, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Tunawashukuru, kwani bila wao tungebaki na masazo tu. Lakini karatasi haikuweza kubeba mlio wa vijiti wala mwili wa Rureke akicheza. Tena mwaka wa 1978 Biebuyck alitoa masimulizi mengine ya Mwindo, na hayalingani na lile la Rureke. Kila bingwa ana njia yake.

Siku moja tuliuliza darasani: nani aliyetunga Mwindo? Wanafunzi wakajibu: "Biebuyck." Jibu hilo lilituuma.

Mwindo mwenyewe anatufundisha. Baba yake, Shemwindo, alitaka kumwua angali mtoto mchanga. Mwishoni baba anakiri kosa mbele ya watu, na nchi inagawanywa kati yao wawili. Mwindo hakumfukuza baba. Basi na sisi tugawane heshima: mwenye kuandika apate yake, mwenye kuimba apate yake, na wapiga vijiti pia. Leo ukimrekodi mzee kijijini, anza kwa kuandika jina lake, kisha majina ya wale wenye kumwitikia.