Wakati Uliopita katika Kipunjabi: Chimbuko la Tatizo la Mwanafunzi

Mtu ajifunzaye Kipunjabi huenda kwa wepesi mpaka afikapo wakati uliopita. Munda gia ni "mvulana alienda", na kuri gai ni "msichana alienda": kitenzi chafuata jinsia ya mtendaji, na jambo laeleweka. Lakini mvulana akiwa amekula roti, husemwa munde ne roti khadhi. Na msichana akiwa amekula embe, kuri ne amb khadha. Mtendaji ameambatanishwa na neno ne, nacho kitenzi kimemwacha na kuifuata yambwa, kwa kuwa roti ni ya kike na embe ni la kiume.

Chanzo cha hali hii ni cha kale. Kisanskriti kilikuwa na nyakati tatu zilizopita. Zote zilififia katika lugha za Kiprakriti, na mahali pake pakashikwa na umbo la kitenzi lenye tabia ya kivumishi, lililotokana na kiambishi -ta. Kwa vitenzi elekezi, umbo hilo lilimsifu mtendwa, naye mtendaji akatajwa kama chombo cha tendo. Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu hapo: katika "mkate uliliwa na mvulana", kiambishi u- ni cha mkate. Hata sura za vitenzi zimehifadhi historia. Sutta, "alilala", ni supta ya Kisanskriti iliyopitia Kiprakriti, ilhali Kihindi kimeunda upya soya.

William Carey alichapisha sarufi ya Kipunjabi huko Serampore mwaka 1812, na baada ya Waingereza kuitwaa Punjab mwaka 1849 haja ya vitabu vya namna hiyo ilizidi. Wanasarufi wengi wa Kizungu wa karne hiyo, walipokutana na muundo huu katika lugha za kaskazini mwa India, waliuita kauli ya kutendwa. Walichanganya asili ya kitu na kitu chenyewe. Kipunjabi kina kutendwa kwake, roti khadhi gai, "roti ililiwa".

Nafsi ya kwanza ndiyo humtatiza mwanafunzi zaidi. Main gia husema mwanamume, main gai mwanamke. Lakini main roti khadhi husema wote wawili, tena pasipo ne. Walimu huliita jambo hili tofauti ya kukariri tu. Kumbe main lenyewe latokana na umbo la kale lililomtaja msemaji kama chombo cha tendo, basi halikuhitaji kuongezewa kitu. (Asili ya ne ingali ikibishaniwa.)

Ushahidi ulio wazi kuliko wote umo katika munde ne kuri nu vekhia, "mvulana alimwona msichana". Neno nu limemtenga msichana na kitenzi kama ne ilivyomtenga mvulana. Lau hii ingekuwa kauli ya kutendwa ya kawaida, msichana angekuwa kiima na kitenzi kingekuwa cha kike. Sivyo: vekhia imebaki katika umbo la kiume la umoja, haimfuati yeyote.