Kwata

Kwata ni mazoezi ya kusimama, kugeuka na kutembea kwa pamoja kwa amri, yanayofundishwa katika majeshi, polisi na magereza. Katika kaunti ya Kiambu, Kenya, kituo chake maarufu ni Chuo cha Mafunzo ya Magereza, Ruiru, ambako makurutu huhitimu kwa gwaride.

Mienendo ya msingi. Kwa amri ya *mguu sawa*, visigino hukutana, mikono hunyooka ubavuni na macho hutazama mbele. Kwa *mguu pande*, mguu wa kushoto husogezwa kando na mikono hushikana nyuma. *Kulia geuka* ni robo duara juu ya kisigino cha kulia na ncha ya kiatu cha kushoto. *Nyuma geuka* ni nusu duara, pia kwa upande wa kulia. *Mbele tembea* huanza kwa mguu wa kushoto.

Mwendo. Kwa mtindo wa Kiingereza uliorithiwa na Kenya, mwendo wa haraka ni takriban hatua 120 kwa dakika. Kosa la kawaida la kurutu ni kupeleka mkono na mguu wa upande mmoja pamoja.