Kaya Bombo haikuwa uchawi

Juzi nilitazama Cure, peke yangu, usiku, stima zimepotea. Makosa makubwa. Ni filamu ya Mjapani Kiyoshi Kurosawa: mwalimu anaua mkewe, polisi anaua mwenzake, na wakiulizwa kwa nini, hawana jibu. Nyuma yao kuna kijana mmoja mpole. Hashiki kisu. Anaongea nao tu, pole pole, mpaka chuki waliyoificha inatoka.

Ilianza kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema ya Japani tarehe 27 Desemba 1997. Siku mbili baadaye Kenya ikapiga kura. Na sisi watu wa Kwale huo mwaka tunaujua kwa jina: Kaya Bombo.

Mimi sikuwa nimezaliwa. Bibi yangu hapa Ukunda husema tu "wakati wa Kaya Bombo," kisha anageuza mazungumzo. Vijana walilishwa kiapo msituni, wakaambiwa risasi hazitawapata. Usiku wa 13 Agosti wakavamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi 6, wakabeba bunduki zaidi ya 40. Halafu wakawageukia wabara. Mpaka mambo yanatulia, zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa na kama 100,000 wamehama makwao.

Watu hupenda kuisimulia hii kama habari ya uchawi: msitu, mganga, hirizi, basi. Mimi sikubali. Ukisema uchawi, unamwachilia aliyenong'ona. Wale vijana walikuwa na hasira ya kweli. Waliishi kama maskwota kwenye ardhi ya babu zao, na kazi za bandarini na hoteli za Diani waliziona zikienda kwa wageni. Hasira hiyo hakuna mganga aliyeitengeneza. Kuna watu waliikuta tayari, wakaionyesha adui, na ajabu ni kwamba huyo adui alikuwa jirani aliyetarajiwa kupigia upinzani kura. Human Rights Watch waliandika wazi kwamba wanasiasa wa KANU walihusika. Ripoti ya Tume ya Akiwumi ilikabidhiwa 1999 ikafungiwa mpaka 2002. (Chuo niliacha, kusoma sijaacha.)

Kwenye filamu, mpelelezi angalau anamkalisha yule mnong'onaji mbele yake. Hapa kwetu wengi waliobebwa na polisi walikuwa vijana wa vijijini, na hakuna mwanasiasa aliyefungwa.

Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayekumbuka, muulize. Usimuulize nani alikula kiapo. Muulize ni nani walikuja kijijini kabla ya Agosti.