Boti za Kukanyaga: Kutoka Ziwa Dongting hadi Fukwe za Florida

Boti ya sherehe inayoendeshwa kwa pedali ni chombo cha karne ya 21, lakini viungo vyake karibu vyote ni vya zamani. Sakafu yake ni bapa, imekaa juu ya mabomba manene ya alumini yaliyozibwa ncha ili yaelee. Juu kuna paa, na katikati kaunta ndefu. Kando ya kaunta zimepangwa siti za baiskeli, mara nyingi tano kila upande, na chini ya kila siti kuna pedali. Minyororo ya pedali hizo inakutana kwenye shafti moja iliyopita chini ya sakafu, na shafti hiyo ndiyo inayozungusha gurudumu la makafi lililofungwa tezini. Abiria wanakaa wakitazamana, vinywaji vikiwa mbele yao, na wanakanyaga huku muziki ukipigwa. Nahodha hanywi wala hakanyagi. Kazi yake ni usukani. Chombo kinakwenda polepole, kwa mwendo wa mtu atembeaye au kuzidi kidogo.

Historia ya chombo hiki inaeleweka vizuri zaidi kwa kuuliza nani aliyekuwa akikanyaga. Kwa karne nyingi alikuwa askari au kibarua. Baadaye akawa mwajiriwa mmoja aliyewabeba watu ishirini kwa miguu yake miwili. Leo ni abiria mwenyewe, na analipa nauli ili apate kukanyaga.

Kisa kirefu zaidi ni cha China. Inasimuliwa kwamba Zu Chongzhi, mwanahisabati aliyefariki mwaka 500, aliunda chombo kilichokwenda bila kutegemea upepo, na baadhi ya wanahistoria wanadhani kiliendeshwa kwa magurudumu ya kukanyagwa. Habari zilizo wazi zaidi zinatoka enzi ya Tang. Baina ya mwaka 782 na 785, Li Gao, mtu wa ukoo wa kifalme aliyekuwa akitawala jimbo, aliunda manowari zenye magurudumu mawili, moja kila ubavu. Askari waliyakanyaga magurudumu hayo kutoka ndani, na vyombo vikakata maji kwa kasi iliyowashangaza waandishi wa wakati huo.

Miaka 350 hivi baadaye teknolojia hiyo ilifika kilele chake, tena mikononi mwa waasi. Katika Ziwa Dongting, kusini mwa mto Chang Jiang, wakulima na wavuvi waliokuwa chini ya Yang Yao waliinuka dhidi ya serikali ya Song. Walimteka fundi wa serikali aliyeitwa Gao Xuan, naye akawaundia vyombo vikubwa kuliko vile alivyokuwa ameviundia jeshi. Vingine vilikuwa na magurudumu zaidi ya 20 na vilichukua watu mamia. Mwaka 1135 jemadari Yue Fei alipewa kazi ya kuumaliza uasi huo, na mbinu aliyoitumia inaonyesha kwamba aliujua udhaifu wa gurudumu la makafi. Aliziba mikono ya ziwa kwa magogo makubwa, kisha akaachia nyasi na miti iliyooza ielee kuelekea maji haba, ambako waasi walikuwa wamechokozwa mpaka wakaingia. Takataka zikajisokota kwenye makafi, magurudumu yakakwama, na manowari zile kubwa zikawa hazina mbele wala nyuma. Hata leo magugu na plastiki vinalitesa gurudumu la makafi kwa namna hiyohiyo.

Somo la Dongting halikupotea. Mwaka 1161, jeshi la dola ya Jin lilipotaka kuvuka Chang Jiang pale Caishi ili kuiangamiza Song, Yu Yunwen alitumia manowari za magurudumu kuwazuia, nao walishindwa kuvuka. Vyombo vya namna hiyo viliendelea kuundwa China kwa karne nyingi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Kasumba, baina ya 1839 na 1842, Waingereza walipokutana na manowari za Kichina zenye magurudumu walidhani ni uigaji wa meli zao za moshi. Hawakujua kwamba China ilikuwa na magurudumu ya aina hiyo karibu miaka elfu moja kabla ya Ulaya kupata injini ya mvuke.

Ulaya yenyewe ilikuwa na michoro mingi na vyombo vichache. Mwandishi mmoja wa Kirumi asiyejulikana jina, katika kitabu cha zana za vita, alipendekeza meli iendeshwe na ng'ombe wanaozunguka ndani yake. Leonardo da Vinci, mwishoni mwa karne ya 15, alichora boti yenye makafi ya kuzungushwa kwa miguu. Mwaka 1776, katika vita vya uhuru wa Marekani, nyambizi ya mtu mmoja iitwayo Turtle, iliyoundwa na David Bushnell, ilijaribu kuishambulia meli ya Waingereza katika bandari ya New York. Aliyekuwa ndani aliisukuma kwa rafadha iliyotegemea viungo vyake mwenyewe. Shambulio halikufaulu.

Kwa nini basi chombo cha kukanyaga hakikuenea baharini? Jibu limo katika mwili wa binadamu. Mtu mzima mwenye afya anaweza kutoa nguvu ya wati 75 hadi 100 kwa muda wa saa moja bila kuishiwa pumzi. Watu kumi kwa pamoja hufikia wati 1,000 kwa makadirio ya juu, yaani zaidi kidogo ya nguvu ya farasi mmoja. Mashine ya nguvu za farasi 15, ya aina inayofungwa kwenye boti za wavuvi, inazidi watu mia moja wanaokanyaga. Tanga nalo halihitaji kulishwa wala kupumzika. Mabaharia wa Bahari ya Hindi, waliokuwa na kaskazi ya kuwaleta na kusi ya kuwarudisha, hawakuwa na sababu ya kukusanya watu mia wa kuzungusha magurudumu. Miguu ilifaa kwenye mto au ziwa, kwa safari fupi, pale ambapo kugeuka haraka kulikuwa na thamani kuliko kufika mbali. Meli ya mvuke ilipokuja, hata nafasi hiyo ikachukuliwa.

Kilichoifufua boti ya kukanyaga ni baiskeli. Katika miaka ya 1860, huko Paris, mafundi walifunga pedali kwenye gurudumu la mbele la baiskeli, na Pierre Lallement akapata hataza ya Marekani mwaka 1866. Kwa mara ya kwanza kukanyaga kukawa starehe ya watu wenye nafasi. Muda si muda wavumbuzi wakaanza kuihamishia pedali majini.

Aliyefaulu kuliko wote ni Robert Paget, mhamiaji kutoka Uingereza aliyekuwa akikodisha boti katika bwawa la bustani ya umma ya Boston, Public Garden. Mwaka 1877 aliunda boti ya maboya mawili sambamba, akaweka gurudumu la makafi nyuma, na kulificha gurudumu hilo pamoja na mkanyagaji ndani ya sanamu ya ndege mweupe, bata maji. Wazo la ndege alilipata kwenye opera ya Richard Wagner, Lohengrin, ambamo shujaa anavuka mto kwa chombo kinachovutwa na bata maji ili kumtetea msichana anayesingiziwa. Abiria walikaa mbele kwenye mabenchi, wakipunga upepo, na mwendeshaji peke yake akakanyaga nyuma yao.

Paget hakuishi kuyaona matunda. Alifariki mwaka uliofuata, akiwa na umri mdogo, akamwachia mjane wake Julia watoto wanne na biashara ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Mwanamke kuendesha biashara kwa jina lake lilikuwa jambo la kutiliwa shaka wakati huo. Ilimbidi Julia apeleke saini za wafanyabiashara wa jirani waliothibitisha kwamba anaiweza kazi ndipo leseni ihuishwe. Aliiweza kwa zaidi ya miaka 30. Mwanawe John alichukua usukani mwaka 1914, na kazi imebaki katika ukoo huo hadi leo. Boti zikaongezwa mabenchi mpaka kila moja ikachukua watu 20 na kufikia uzito wa tani tatu hivi. Kongwe kuliko zote katika kundi la sasa iliundwa mwaka 1910. Julia Paget anastahili nafasi kubwa katika historia hii kuliko anavyopewa. Mumewe alibuni chombo, lakini ni yeye aliyethibitisha kwamba watu watalipa, mwaka baada ya mwaka, kwa safari ya robo saa ambayo haiendi popote.

Hatua iliyofuata ilikuwa kumpa abiria pedali. Katika fukwe na maziwa ya Ulaya, boti ndogo za watu wawili au wanne zilienea kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Ufaransa ilipotunga sheria ya likizo yenye malipo mwaka 1936, wafanyakazi wa viwandani waliofika pwani kwa mara ya kwanza walizikuta zikiwasubiri. Hazikuhitaji ujuzi wa tanga wala kasia, na hivyo mtu asiyewahi kuingia baharini aliweza kuwa nahodha kwa saa moja. Japani nako boti za umbo la bata maji zikawa jambo la kawaida katika mabwawa ya bustani, pamoja na lile la Shinobazu jijini Tokyo.

Wachache walitaka kujua miguu inaweza kufika wapi. Mwaka 1991, kwenye mto Charles unaopita katika eneo la Boston, chombo cha wahandisi wa chuo cha MIT kiitwacho Decavitator, kilichoinuka juu ya mabawa yaliyozama majini, kilifikia fundo 18.5, sawa na kilomita 34 kwa saa, kwa nguvu ya mtu mmoja. Waingereza wawili, Jason Lewis na Steve Smith, walichagua masafa badala ya kasi. Waliondoka Ureno mwaka 1994 kwa boti ya pedali iitwayo Moksha, wakapokezana kukanyaga usiku na mchana, na baada ya siku 111 wakafika Miami, Florida, mwanzoni mwa 1995. Lewis aliendelea na safari ya kuizunguka dunia kwa nguvu za mwili tu, akavuka Bahari ya Arabu kutoka Mumbai hadi Djibouti, na akakamilisha mzunguko huko Greenwich, Uingereza, Oktoba 2007.

Boti ya sherehe, hata hivyo, haikuzaliwa na wanariadha hao. Mzazi wake yuko nchi kavu. Mwaka 1997 huko Uholanzi, Zwier van Laar na nduguye Henk waliunda baa ya magurudumu: kaunta katikati, siti za baiskeli pembeni, wateja wakikanyaga huku wakinywa bia. Kufikia 2007 gari la namna hiyo lilikuwa likizunguka Minneapolis, na biashara ikasambaa katika miji ya Marekani. Kelele na msongamano vilizusha malalamiko. Amsterdam iliyapiga marufuku magari hayo katikati ya jiji mwaka 2017. Kwa wakati huohuo, katika miaka ya 2010, waundaji wa Marekani walikuwa wameichukua kaunta ileile na kuiweka juu ya boti bapa, ambako hakuna foleni ya magari ya kuizuia wala ukuta wa jirani wa kurudisha mwangwi.

Kusini mwa Florida palifaa mno. Hali ya hewa ni ya kitropiki, na kati ya bara na visiwa virefu vya mchanga umepita mkondo wa ndani uliochimbwa kwa ajili ya vyombo, uliokingwa na mawimbi ya Atlantiki. Kuchimba huko ndiko kulikozaa baadhi ya fukwe za kupumzikia. Peanut Island, karibu na Palm Beach, haikuwapo kabla ya 1918; ilitokana na mchanga uliotupwa wakati wa kuchimba mlango wa bahari wa Lake Worth. Jina lake limetokana na mpango wa kusafirisha mafuta ya karanga kutoka hapo, mpango ulioachwa mwaka 1946. Mwaka 1961 lilijengwa humo handaki la kumficha Rais John F. Kennedy endapo vita vya nyuklia vingezuka, kwa kuwa familia yake ilikuwa na nyumba ya mapumziko karibu na hapo. Mvinje, ambao pwani ya Afrika Mashariki unapendwa kwa kivuli na nguzo, ulitapakaa humo na kuisonga mimea ya asili, ukaondolewa, mikoko ikapandwa. Leo kisiwa hicho ni bustani ya umma inayofikiwa kwa boti, na watu hushuka kuogelea katika maji haba.

Safari ya boti ya pedali katika maji ya namna hii huchukua saa moja na nusu au mbili. Kikundi hukodi chombo kizima, aghalabu kwa ajili ya siku ya kuzaliwa au kumuaga anayekaribia kufunga ndoa, na mara nyingi huja na vinywaji vyake. Nahodha huangalia kwanza upepo na maji. Mkondo wa maji yanayopwa katika mlango wa bahari unaweza kuwashinda wakanyagaji kumi wenye afya, sembuse waliokwisha kunywa, na kwa sababu hiyo vyombo hivi kwa kawaida huwa na mashine ya akiba, ya umeme au ya petroli.

Sheria nayo imeamua umbo la biashara. Marekani hairuhusu chombo kisichokaguliwa na Walinzi wa Pwani kubeba zaidi ya abiria sita wa kulipa. Mwenye boti ya siti kumi hana budi kuipitisha kwenye ukaguzi wa mwili wa chombo, uthabiti wake majini, maboya ya kujiokolea na vizima moto, au kuikodisha kama chombo kitupu, ambapo kikundi hushika jukumu la mwenye chombo na kujichagulia nahodha, na abiria wasizidi 12. Njia ya pili imetumiwa vibaya na baadhi ya wenye boti za starehe, Miami ikiwa miongoni mwa sehemu hizo, na Walinzi wa Pwani wamekuwa wakiwatoza faini na kuvisimamisha vyombo vyao. Nahodha mwenye leseni anatakiwa abiria wanapokuwa wamenunua safari, na kileo kikionekana katika damu yake kupita kiwango, anashtakiwa yeye, hata kama nguvu iliyokuwa ikiisukuma boti ilikuwa ya miguu ya wengine.