Mizani Kumi na Saba: Haiku, Mshororo na Kiswahili cha Kampala

Siku moja katika somo la utungaji niliwaomba wanafunzi waandike mshororo mmoja tu kuhusu hali ya hewa ya siku ile. Ulikuwa mwezi wa Novemba, na mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba ilinibidi kupaza sauti. Niliposoma kazi zao nilikuta upepo wa kusi, mawimbi ya bahari na majahazi yaliyotweka matanga. Mvua ile hakuna aliyeiandika. Wanafunzi wale hawakuwa wavivu. Ushairi waliousoma ulitoka pwani, nao wakaamini kwamba mtu akitaka kutunga kwa Kiswahili sharti kwanza aihame Kampala.

Makala haya yanaangalia historia ya tungo mbili fupi, yaani haiku ya Kijapani na mshororo wa shairi la Kiswahili. Nia yake ni kuonyesha kwamba mazoea ya kutunga kidogo kila siku yana mizizi pande zote mbili, na kwamba yanaweza kumsaidia mwanafunzi wa Uganda kuitazama siku yake mwenyewe kwa Kiswahili.

Tuanze na haiku. Utungo huu una mizani 17, zilizogawanywa katika mafungu matatu ya 5, 7 na 5. Ulitokana na renga, ushairi wa mnyororo ambao watu kadhaa waliutunga kwa zamu, mmoja akianzisha na mwingine akiendeleza. Ubeti wa kuanzisha uliitwa hokku, na Matsuo Basho (1644–1694) ndiye aliyeupa hadhi kubwa. Mwaka 1689 alisafiri kwa miguu kwenda kaskazini mwa Japani, na katika kumbukumbu za safari hiyo alichanganya nathari na tungo fupi za mambo aliyokutana nayo njiani.

Jina haiku lenyewe lilienea mwishoni mwa karne ya 19 kwa juhudi za Masaoka Shiki (1867–1902). Shiki aliandikia gazeti la Nippon, na humo aliwahimiza washairi wachore kwa maneno kile ambacho macho yao yamekiona, wazo alilojifunza kwa wachoraji. Aliugua kifua kikuu kilichoingia katika uti wa mgongo, na miaka yake ya mwisho hakuweza kuondoka kitandani. Dunia yake ikawa chumba kimoja na bustani ndogo iliyoonekana kutoka pale alipolala. Hata hivyo, mwaka 1902 alichapisha gazetini maandishi mafupi karibu kila siku, mpaka siku mbili kabla ya kufariki tarehe 19 Septemba. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwandishi Mmarekani mweusi Richard Wright, akiwa mgonjwa nchini Ufaransa, alitunga haiku zipatazo 4,000 kabla ya kufa mwaka 1960. Alizochagua mwenyewe, 817, zilitolewa kitabuni mwaka 1998.

Wako wanaosema kwamba haiku ni tawi la ibada ya Zen. Ni kweli kwamba Basho alijifunza Zen, lakini Kobayashi Issa (1763–1828) alikuwa wa madhehebu mengine ya Kibudha, na Shiki alisisitiza zaidi utazamaji kuliko dini. Kwa hiyo Mwislamu, Mkristo au mtu mwingine yeyote anaweza kuyafuata mazoea haya bila kugusa imani yake. Kinachotakiwa ni kusimama kidogo, kutazama kitu kimoja kwa makini, na kukitaja kwa jina lake. Mtu akifanya hivyo kila siku, moyo hutulia na jicho huzoea kuona.

Mwalimu wa Kiswahili atavutiwa zaidi na suala la hesabu. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, yaani 8 za ukwapi na 8 za utao. Haiku nzima, basi, ni sawa na mshororo mmoja na mizani moja ya ziada. Tanka, utungo wa Kijapani wa mizani 31, ni mishororo miwili pungufu ya mizani moja. Mtu aliyezoea kusikia tarbia tayari ana kipimo cha haiku sikioni.

Tena namna ya kuhesabu inakaribiana. Kwa Kijapani sauti n inayofunga silabi huhesabiwa peke yake, kama sisi tunavyohesabu mizani mbili katika mtu au nchi. Konsonanti iliyokazwa nayo huhesabiwa, hivyo neno Nippon lina mizani nne. Hapo Mswahili anaweza kusita, lakini msemaji wa Luganda hasiti, kwa kuwa ukazaji huo ameuzoea katika ekkubo, ssebo na nnyabo. Kiingereza kina silabi nzito zilizofungwa kwa konsonanti nyingi, na ndiyo sababu watungaji wengi wa haiku kwa lugha hiyo wameiacha hesabu ya 17. Sisi hatuna haja ya kuiacha.

Je, mazoea ya kutunga juu ya mambo ya siku ni mageni kwetu? Hapana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, alitunga juu ya siasa za Wamazrui na Seyyid Said, juu ya mapenzi, nyumba na maisha ya kawaida ya mji wake. Mashairi yake yalihifadhiwa kwa jitihada za Mwalimu Sikujua bin Abdallah na mmishonari W. E. Taylor, na diwani yake ilichapishwa mwaka 1940 na William Hichens. Washairi wa Mombasa walijibizana kwa beti, jambo linalofanana na ule mnyororo wa renga. Kuanzia mwaka 1923 gazeti la Mambo Leo la Dar es Salaam lilichapisha mashairi ya wasomaji wake. Kama gazeti la Shiki kule Japani, lilimfanya msomaji wa kawaida kuwa mtungaji.

Tofauti ipo, na haifai kufichwa. Shairi la Kiswahili hupenda kuonya, kufundisha na kufumba, na kina chake humvuta msikilizaji. Haiku haina vina, wala haitoi mafunzo. Huonyesha kitu, kisha hunyamaza. Jambo hili litawakumbusha wanafunzi mgogoro wa miaka ya 1970. Kaluta Amri Abedi alikuwa ameziandika sheria za utungaji mwaka 1954. Kisha Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, akatoa Kichomi mwaka 1974, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, na wanamapokeo wakakataa kuyaita mashairi. Haiku inasimama katikati ya kambi hizo mbili, kwa maana inashika mizani na kuacha vina. Kwa mwalimu anayefundisha mgogoro huo, ni mfano mzuri wa kuwauliza wanafunzi ushairi hasa ni nini.

Sifa nyingine ya haiku ya jadi ni neno la msimu. Wajapani wana vitabu, viitwavyo saijiki, vinavyoorodhesha maneno ya kila majira. Jijini Nairobi, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, washairi na walimu walianza kukusanya maneno ya misimu ya nchi yao chini ya jina Kenya Saijiki, na vilabu vya haiku vikaanzishwa shuleni, ingawa tungo nyingi zilikuwa za Kiingereza. Kiswahili cha pwani kina hazina yake: kaskazi, kusi, masika, vuli, kipupwe. Maneno hayo ni ya kweli kwa baharia, lakini Kampala haina kusi.

Kampala ina kalenda ya Luganda, ambayo yenyewe ni kama saijiki. Februari huitwa Mukutulansanja, kwa majani makavu ya migomba. Machi ni Mugulansigo, mwezi wa kununua mbegu. Novemba ni Musenene, kwa wale panzi wanaoliwa, ambao ndugu zetu wa Bukoba huwaita senene kwa Kiswahili. Wakati wao ukifika, watu huwasha taa kali usiku na kusimamisha mabati juu ya mapipa ili senene wateleze ndani. Jaribio langu mwenyewe ni hili:

Taa nyeupe
senene kwenye bati
hatujalala

Hesabu ni 5, 7, 5. Hakuna neno hapo lisilofahamika Mombasa au Unguja, lakini utungo ni wa hapa.

Jambo hili lina uzito kuliko zoezi la darasani, kwa sababu ya historia ya Kiswahili nchini mwetu. Lugha hii ilifika Buganda na misafara ya biashara katika karne ya 19, na Kabaka Mutesa I aliijua. Baadaye ikawa lugha ya jeshi na polisi. Mwaka 1973 Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa, na wengi wakazidi kuihusisha na bunduki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakazi wa Kampala waliziita operesheni za kusomba watu "panda gari", kwa amri iliyotolewa kando ya malori. Maneno hayo ni ya kawaida kabisa, na yana mizani nne tu, lakini wako wazee ambao hadi leo hawayasikii bila kushtuka.

Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yaliifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sheria inaweza kukiingiza Kiswahili darasani. Haiwezi peke yake kukitoa katika kumbukumbu ya lori. Kazi hiyo hufanywa na watu wanaokitumia kutaja mvua, migomba, bodaboda na watoto wao, siku baada ya siku.

Kwa hiyo napendekeza zoezi dogo. Kila mwanafunzi awe na daftari, na kila siku aandike mizani 17 juu ya kitu kimoja alichokiona siku hiyo hiyo. Asitoe mawaidha. Akikosa neno la Kiswahili, aliulize darasani, na darasa lijadili. Zoezi hili halichukui nafasi ya tarbia. Linamwandaa mtunzi wa tarbia, kwa maana litamfundisha kuhesabu silabi na kuchagua neno. Mwalimu naye atunge, asikae pembeni.

Wasomaji watakaojaribu wanaombwa kutuletea tungo zao. Tutafurahi zaidi tukipata zile zilizolowa mvua ya Kampala.