Chumvi, Jembe na Asali: Mafundisho ya Kale katika Nchi ya Uha

Wako watu wadhanio kwamba elimu ilianza katika nchi ya Uha siku ile ubao wa kwanza ulipotundikwa ukutani. Neno hili si kweli. Kabla ya kalamu na daftari, watu wa Heru, ambayo leo imo katika Kasulu, na wa Muhambwe na Buyungu upande wa Kibondo, walikuwa na ufundi wao, na biashara yao, na namna yao ya kumfundisha kijana hata akawa mtu wa kujitegemea. Katika ufundi huo, mmoja umegeuka, mwingine umekufa, na wa tatu ungali hai. Yafaa tuulize sababu, maana jibu lake lawahusu watoto wetu.

Tuanze na chumvi. Mto Ruchugi hushuka kutoka milima ya Kasulu hata kukutana na mto Malagarasi huko Uvinza, na karibu na hapo ziko chemchemi za maji ya chumvi. Katika nchi nyingine watu walichoma majani au kuchuja udongo, wakapata chumvi kidogo yenye uchungu. Lakini maji ya Uvinza yana chumvi nyingi tena safi, nayo yakichemshwa katika chungu hata yakauke, chumvi nyeupe hubaki chini. Kazi hii ilifanywa wakati wa kiangazi, kwa sababu masika mito hufurika na kuzifunika chemchemi. Basi mavuno yakiisha, watu walikuja kutoka pande zote, wakajenga vibanda, wakakata kuni, wakachemsha. Na mvua za kwanza zikinyesha walirudi kwao kulima. Watawala wa Uvinza walitoza ushuru. Mzungu Richard Burton, aliyepita njia hiyo pamoja na John Speke mwanzoni mwa mwaka 1858 wakienda Ujiji, aliandika habari za chumvi ile katika kitabu chake cha mwaka 1860.

Safari ya Uvinza ilikuwa shule. Kijana aliyefuatana na wakubwa wake alijifunza kupima kuni zitakazotosha, na kujua chungu kipi kitapasuka motoni. Kadhalika alijifunza hesabu: atoe nini kwa ushuru, chakula cha njiani ni kiasi gani, na mzigo utabadilishwa kwa nini atakapofika nyumbani au ng'ambo ya Ziwa. Chumvi haikuwa kitoweo tu. Ilipokewa kama fedha, kwa mbuzi, kwa nafaka na kwa jembe.

Je, kazi hii ni ya tangu lini? Wazee walisema ni ya zamani sana, na wataalamu wameona kwamba walisema kweli. Mwaka 1967 J. E. G. Sutton na A. D. Roberts walichimba mahali pale pa chemchemi, na habari zao zikachapishwa mwaka 1968. Walikuta vigae vya vyungu vya kale na mashimo yaliyosiribwa udongo, na kwa kupima makaa yaliyobaki ardhini ilijulikana kwamba watu walitengeneza chumvi hapo yapata miaka 1,500 iliyopita. Twaona, basi, kwamba ufundi huu ulipita kutoka mkono hata mkono zamani hizo zote, pasipo herufi moja kuandikwa.

Lakini katika miaka ya utawala wa Wajerumani kampuni yao ilishika chemchemi, ikajenga kiwanda walichokiita Gottorp. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, chumvi ilisafirishwa kwa gari la moshi. Chumvi yaendelea kutolewa Uvinza hata leo. Walakini yule aliyekuja na chungu chake, akachemsha na kuuza kwa akili yake mwenyewe, aligeuka kuwa mtu wa kulipwa mshahara. Kazi ilibaki, lakini mafundisho ya biashara yaliyokuwa ndani yake yalitoweka.

Jembe lilipatwa na jambo zito zaidi. Wahunzi wa zamani waliyeyusha mawe yenye chuma katika tanuru la udongo, kwa makaa ya miti iliyochaguliwa na kwa mivukuto iliyopulizwa saa nyingi bila kupumzika. Mwanafunzi alianza kwa kuchoma makaa na kuvuta mivukuto. Siri za udongo na za moto alifunuliwa baadaye, alipokwisha kuaminiwa. Kisha majembe ya viwanda vya Ulaya yakaja kwa meli na kwa reli, nayo bei yake ilikuwa rahisi. Mhunzi alikosa wanunuzi, na kijana hakuona sababu ya kuvuta mivukuto. Kodi ilidai fedha, basi vijana wengi wa Kasulu na Kibondo wakaenda mbali kukata mkonge, hasa baada ya mwaka 1944, ilipoanzishwa SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kuandikisha wafanyakazi. Mzee alibaki na maarifa yake, wala hakuwa na wa kumpokea.

Hasara ya jambo hili tunaweza kuipima kwa habari za jirani zetu wa Buhaya. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Marekani, Peter Schmidt, aliwaomba wazee wa huko wayeyushe chuma tena kama walivyofanya ujanani. Ufundi ule ulikuwa umeachwa kwa miaka mingi, ikawabidi wazee kujaribu tena na tena, wakikumbushana, hata wakafaulu. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika habari za ufundi huo, na za matanuru ya zamani za kale yaliyofukuliwa katika nchi hiyohiyo. Wataalamu wa ulimwengu wakastaajabu, wakajadiliana kwa miaka mingi jinsi matanuru yale yalivyopata joto kali namna ile. Wazee wale wangalifariki kabla ya kuulizwa, yangalibaki mavi ya chuma tu shambani, wala pasingekuwa na mtu wa kuyaeleza.

Wa tatu ni ufundi wa nyuki. Katika misitu ya Kibondo watu hutundika mizinga mitini hata sasa, na asali na nta huuzwa. Kwa nini ufundi huu haukufa? Kwa sababu mambo matatu hayakuachana: yuko anayejua, yuko anayejifunza, na yuko anayenunua. Tena haukukataa jambo jipya. Mzinga wa magome huua mti uliobanduliwa gome. Basi wafugaji wengi wameongeza mizinga ya masanduku, lakini maarifa ya maua, ya majira na ya tabia za nyuki ni yale waliyopokea kwa wazee.

Hapo ndipo jibu la swali letu lilipo. Ufundi hauishi kwa kusifiwa. Huishi ukipata mwalimu, mwanafunzi na soko. Likikosekana moja, mengine mawili hayawezi kusimama. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Maarifa ni mali kama mali nyingine. Babu zetu hawakuwa na daftari, sisi tunalo. Mwanafunzi ajuaye kuandika aende kwa mfinyanzi, kwa mfuga nyuki, kwa mhunzi aliyebaki, aulize: Waanzaje? Wachagua nini? Wauza kwa nani, na faida ni kiasi gani? Ayaandike majibu, kisha ashike kazi kwa mikono yake. Maana kuandika bila kutenda ni nusu ya kujua, na kutenda bila kuandika ndiko kulikotupotezea tanuru la chuma.