Mifuko ya plastiki na mbadala wake

Mfuko wa plastiki ni mfuko mwepesi wa kubebea bidhaa, unaotengenezwa kwa polithini itokanayo na mafuta ya petroli au gesi asilia. Watanzania wengi huuita rambo, Wakenya juala, na Uganda ni kaveera. Umbo lake maarufu, lenye mikono miwili kama fulana, lilibuniwa na mhandisi wa Sweden, Sten Gustaf Thulin, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Celloplast. Hataza yake ya Marekani ilitolewa mwaka 1965. Kwa kazi iliyokusudiwa, ubunifu huo hauna kasoro: plastiki ya gramu chache hubeba kilo kadhaa, haipitishi maji, na ni rahisi kiasi cha muuzaji kuitoa bure. Tatizo huanza mzigo ukishafika nyumbani.

Polithini haiozi. Jua huikausha ikakatikakatika kuwa vipande vidogo visivyookoteka, vikabaki udongoni na majini. Lakini mfuko ukiwa bado mzima huwa umeshaleta hasara mjini. Huingia mtaroni, ukanasa kwenye kalavati pamoja na majani na mchanga, na mvua za masika zikianza maji hukosa pa kupita. Bangladesh, nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku mifuko myembamba, ilichukua hatua hiyo mwaka 2002 baada ya mifuko kulaumiwa kwa kuziba mifereji wakati wa mafuriko makubwa ya 1988 na 1998. Mkazi wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, ambako mafuriko si mageni, hahitaji mfano wa mbali namna hiyo.

Wanyama nao huumia. Ng'ombe na mbuzi wanaojitafutia malisho dampo humeza mifuko iliyobaki na harufu ya chakula. Plastiki haimeng'enyeki wala kutoka. Hujisokota tumboni ikawa bonge, mnyama akakonda huku tumbo limejaa, na mara nyingi mwenye mifugo hajui kisa hadi siku ya kuchinja. Baharini, mfuko unaoelea hufanana na yavuyavu, ambaye ni chakula cha kasa.

Afrika Mashariki imekuwa mstari wa mbele katika marufuku. Zanzibar ilianza mwaka 2006, Rwanda ikafuata 2008. Kenya ilijaribu 2007 na 2011 bila mafanikio, hadi tangazo la serikali la 2017 lililoanza kutumika Agosti 28 mwaka huo, likiwa na faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 za Kenya au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Tanzania Bara iliiondoa mifuko hiyo Juni 1, 2019. Kanuni zake zilimtofautisha mwenye kiwanda na mbeba mfuko: mtengenezaji au mwagizaji anaweza kutozwa hadi shilingi bilioni 1, ilhali anayekutwa na mfuko mkononi hutozwa kati ya shilingi 30,000 na 200,000 au kufungwa siku zisizozidi 7. Tofauti hiyo ni ya haki, kwani mama anayerudi sokoni hakuwa na kauli juu ya kilichozalishwa kiwandani. Vifungashio vya kilimo na vya hospitali viliachwa nje ya marufuku. Uganda ilizuia kaveera nyembamba tangu 2009, lakini usimamizi umekuwa wa kusuasua na mifuko haijaisha madukani.

Hata palipo na usimamizi, biashara hutafuta upenyo. Tanzania, vile vifuko laini vinavyoonesha ndani, vilivyokusudiwa kufungia karanga au barafu, vikageuka vibebeo: muuzaji wa nyanya anatumbukiza fungu, anafunga fundo, anamkabidhi mteja. Mwaka 2021 serikali ililazimika kutoa tamko jingine kuhusu vifungashio hivyo.

Mbadala unaoonekana zaidi ni mfuko laini unaodhaniwa kuwa wa kitambaa. Si kitambaa. Ni polipropilini, yaani plastiki nyingine, na ukiwa mwembamba huchanika mapema na kuishia mtaroni kama ule uliotangulia. Ndiyo maana Kenya, kupitia mamlaka yake ya mazingira, NEMA, ilitangaza mwaka 2019 kuuzuia. Mfuko wa kaki huoza, ila samaki wabichi huupasua kabla mnunuzi hajafika kituoni. Mifuko inayouzwa kwa sifa ya kuoza yenyewe ipokelewe kwa tahadhari: watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, waliripoti mwaka 2019 kwamba mfuko wa aina hiyo uliokaa miaka 3 udongoni au baharini bado uliweza kubebea bidhaa.

Uzalishaji nao una gharama zake. Utafiti wa Wakala wa Mazingira wa Uingereza uliochapishwa 2011 ulikadiria kwamba, kwa upande wa hewa ya ukaa, mfuko wa karatasi lazima utumike mara 3, wa polipropilini mara 11 na wa pamba mara 131 ndipo ulingane na mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Watengenezaji wa plastiki hupenda kuzinukuu takwimu hizi. Wasichosema ni kwamba hesabu hiyo haikugusa takataka zinazozagaa, tena ni ya nchi ambako taka hukusanywa mlangoni. Penye mitaa isiyofikiwa na gari la taka, mfuko mwepesi hauwezi kuhesabiwa kuwa nafuu.

Vikapu vya ukili, vyondo vya mkonge na pakacha la makuti havikuingizwa katika ulinganisho huo. Vinasukwa kwa mikono, malighafi iko jirani, na vikichakaa huoza shambani. Udhaifu wao ni mmoja: havibebi mchuzi wala maji ya samaki, ndiyo maana wapishi wa zamani walikwenda na chombo chao. Kwa vitu vikavu, mnunuzi mwenye kikapu kizima nyumbani hana sababu ya kimazingira ya kununua mfuko mpya, uwe wa karatasi, wa pamba au wa polipropilini.